Muundo wa kikemia wa chembechembe za hewani Ufipa

Chembechembe za hewani ni vipande vidogo sana vya vitu vigumu, au matone madogo ya kimiminika, vinavyoelea hewani. Muundo wake wa kikemia ni orodha ya elementi na kampaundi zilizomo ndani yake, pamoja na kiasi cha kila moja. Katika mji wa Sumbawanga na katika nyanda za juu za Ufipa, mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, chembechembe hizo hutokana hasa na vumbi la udongo, moshi wa kuni na mkaa, moto wa nyasi wakati wa kiangazi, injini za dizeli, na gesi zinazogeuka kuwa chumvi hewani.

Muundo huo una umuhimu wa pekee kwa sababu kupima uzito wa chembechembe peke yake hakuonyeshi zimetoka wapi. Mikrogramu 40 za vumbi la barabarani na mikrogramu 40 za moshi wa jikoni zina uzito uleule, lakini chanzo chake ni tofauti, madhara yake ni tofauti, na njia ya kuzipunguza ni tofauti. Anayetaka kusafisha hewa ya mji anapaswa kwanza kujua kilichomo ndani yake.

Ukubwa wa chembechembe

Chembechembe hupangwa kwa kipenyo chake, kinachopimwa kwa mikromita. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa takriban mikromita 70.

Makundi mawili hutajwa mara nyingi. Kundi la kwanza huitwa PM10, yaani chembe zote zenye kipenyo kisichozidi mikromita 10. Kundi la pili ni PM2.5, yaani zile zisizozidi mikromita 2.5. Chembe za PM2.5 zimo pia ndani ya PM10, kama vile debe la mahindi lilivyo na punje kubwa na punje ndogo pamoja.

Ukubwa na kemia huenda pamoja. Chembe kubwa kwa kawaida hutokana na kusagika: udongo unaokanyagwa na magurudumu, unga wa mashine, maganda ya mazao, chumvi ya maji ya bahari. Chembe ndogo kwa kawaida hutokana na kuungua, au na gesi zilizoganda. Ndiyo maana silikoni, alumini na chuma hupatikana kwa wingi katika chembe kubwa, ilhali kaboni, potasiamu na sulfati hupatikana kwa wingi katika chembe ndogo.

Mazingira ya Ufipa

Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wa Rukwa, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu na milima ya Mbizi. Maziwa yote mawili yako chini sana, kwenye mwinuko wa takriban mita 800, hivyo kingo za uwanda hushuka kwa ghafla.

Mambo matatu ya mazingira hayo yanahusika moja kwa moja na hewa.

Kwanza ni majira. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni kiangazi. Mvua huosha hewa na kushikilia udongo, na kiangazi hufanya kinyume chake.

Pili ni baridi. Usiku wa Juni na Julai ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia. Hewa baridi ni nzito, hivyo hubaki chini huku hewa yenye joto zaidi ikiwa juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi wa jioni na wa alfajiri hauwezi kupanda. Hutanda juu ya mapaa mpaka jua lipashe ardhi.

Tatu ni mwinuko. Kwenye mita 1,800 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la usawa wa bahari. Katika kila lita ya hewa kuna oksijeni pungufu, na injini ya dizeli ambayo haikurekebishwa kwa hali hiyo huunguza mafuta yake bila kuyamaliza, ikatoa masizi zaidi.

Vumbi la udongo

Miamba ya Ufipa ni ya kale sana. Ni sehemu ya ukanda wa miamba ya Ubende, uliofanyika takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Kwa muda mrefu mvua imeondoa madini yanayoyeyuka kwa urahisi na kuacha yale magumu. Kwa hiyo vumbi la udongo mwekundu wa nyanda hizo hutawaliwa na vitu vitatu:

- silika (SiO2), ambayo ni mchanga wa kwazi uliosagika;
- madini ya mfinyanzi, ambayo ni kampaundi za alumini, silikoni na oksijeni;
- oksidi za chuma, hasa hematiti (Fe2O3) na goethiti, ambazo huupa udongo rangi nyekundu na ya njano.

Kalsiamu na magnesiamu huwa chache katika udongo uliooshwa namna hiyo, tofauti na vumbi la miji iliyojengwa juu ya chokaa au matumbawe kama Dar es Salaam na Zanzibar.

Chuma hicho kina historia katika nchi hiyo. Wafipa walijulikana kwa ufuaji wa chuma. Waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuru refu za udongo zilizoitwa malungu, kwa kutumia mkaa wa miti, na mabaki ya tanuru hizo bado yanaonekana sehemu mbalimbali za Ufipa. Ndani ya tanuru, kaboni ya mkaa iliondoa oksijeni kutoka kwenye oksidi na kuacha chuma. Oksidi za aina hiyohiyo ndizo zinazopakaza rangi nguo za wasafiri wa barabara za vumbi.

Vumbi la bonde la Rukwa ni tofauti. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, hivyo maji yake huondoka kwa mvuke tu na kuacha chumvi. Ziwa ni la kina kifupi, na linapopungua huacha wazi maeneo mapana ya tope lililokauka. Vumbi la tambarare za namna hiyo huwa na sodiamu, klorini na kaboneti, yaani chumvi na magadi. Kwa hiyo sodiamu ikikutwa kwenye chembe za hewani mbali na bahari, haimaanishi lazima kwamba imetoka Bahari ya Hindi.

Moshi wa kuni, mkaa na nyasi

Kuni zimeundwa hasa na vitu vitatu: selulosi, hemiselulosi na lignini. Zikiungua kabisa hutoa dioksidi ya kaboni, mvuke wa maji na majivu. Lakini kwenye mafiga matatu kuni haziungui kabisa. Sehemu ya mvuke wake huponyoka kabla ya kushika moto, hupoa, na kuganda kuwa matone madogo. Huo ndio moshi.

Chembe za moshi wa kuni zina sehemu kuu tatu.

Ya kwanza ni kaboni ya kikaboni, yaani maelfu ya kampaundi zenye kaboni, hidrojeni na oksijeni. Ndiyo sehemu kubwa zaidi. Hutolewa kwa wingi na moto unaofukuta bila miali, kama ule wa kuni mbichi, na huacha utando wa kahawia unaonata kwenye kuta na paa la jikoni.

Ya pili ni masizi, yaani kaboni nyeusi. Hutokea hasa ndani ya miali, mahali penye joto kali na oksijeni kidogo. Ndiyo yanayopaka sufuria rangi nyeusi.

Ya tatu ni chumvi, hasa za potasiamu. Mimea hufyonza potasiamu kutoka ardhini. Inapoungua, sehemu kubwa ya potasiamu hubaki kwenye majivu. Ndiyo maana maji yaliyochujwa kwenye majivu, ambayo sehemu nyingi za Tanzania hutumika kulainishia mboga, huwa na utelezi wa alkali. Sehemu nyingine hupanda na moshi kama kloridi na sulfati ya potasiamu.

Selulosi ikipata joto la nyuzi zaidi ya 300 hivi bila kuungua kabisa hutoa aina ya sukari iitwayo levoglukosani (C6H10O5). Sukari hiyo haitoki kwenye dizeli, wala kwenye udongo, wala kwenye mafuta ya taa. Kwa hiyo wanakemia wanaitumia kama alama: ikikutwa kwenye kichujio cha hewa, ni hakika kwamba mmea uliungua mahali fulani. Levoglukosani na potasiamu zikipanda na kushuka pamoja siku hadi siku, ushahidi huwa na nguvu zaidi.

Mkaa unahitaji maelezo ya peke yake. Jiko la mkaa hutoa chembe chache kuliko mafiga, kwa sababu mvuke wa kuni ulishaondoka wakati wa kuchoma mkaa. Lakini moshi huo haukutoweka. Ulitolewa porini kwenye tanuru la mkaa. Zaidi ya hayo, mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa lisiloonekana kutoa moshi linaweza kuua watu waliolala ndani ya chumba kilichofungwa ili kukwepa baridi.

Moto wa nyasi na misitu huongeza moshi mwingi wakati wa kiangazi. Kusini mwa ikweta barani Afrika moto huo huongezeka sana kati ya Juni na Septemba. Moshi wa miombo ya Zambia, Kongo na Tanzania husafiri mamia ya kilomita, hivyo anga ya Ufipa huweza kuwa na ukungu mkavu hata siku ambayo hakuna aliyewasha moto karibu. Matanuru ya kuchomea matofali, yanayohitaji kuni nyingi kwa siku kadhaa mfululizo, nayo hufanya kazi wakati uleule wa ukame.

Dizeli, mafuta ya taa na takataka

Injini ya dizeli hutoa masizi meusi yaliyofunikwa na utando wa mafuta ambayo hayakuungua. Katika Ufipa chembe hizo hutoka kwenye malori yanayobeba mahindi, mabasi, matrekta na mashine za kusaga na kukoboa. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka Zambia na kwenye majenereta ya dizeli.

Chombo kidogo kinachosahaulika ni koroboi. Utambi ulio wazi huunguza mafuta ya taa vibaya sana, na karibu chembe zote zinazotoka ni kaboni nyeusi tupu. Mwanafunzi anayesoma karibu na koroboi huwa na chanzo cha masizi mbele ya pua yake. Taa za umeme wa jua zimepunguza matumizi ya koroboi vijijini, na kwa hiyo zimebadilisha pia kemia ya hewa ya ndani ya nyumba.

Uchomaji wa takataka huingiza vitu ambavyo kuni hazina. Plastiki ya PVC ina klorini, na ikiungua hutoa kloridi ya hidrojeni na inaweza kutoa dioksini, ambazo ni sumu zinazodumu muda mrefu. Matairi hutoa zinki na salfa. Betri na vifaa vya umeme hutoa risasi, kadimi na shaba. Kiasi chake kwa uzito ni kidogo, lakini madhara yake hayalingani na uzito huo.

Chumvi zinazozaliwa hewani

Baadhi ya chembe hazitoki kwenye bomba wala barabarani. Huzaliwa angani kutokana na gesi.

Salfa iliyomo kwenye mafuta ikiungua hutoa dioksidi ya salfa (SO2). Angani gesi hiyo huungana na oksijeni na maji kuwa asidi ya sulfuriki. Wakati huohuo amonia (NH3) hupanda kutoka kwenye mikojo ya ng'ombe, samadi na mbolea kama urea. Vikikutana, asidi na amonia hutoa chumvi ngumu:

2NH3 + H2SO4 → (NH4)2SO4

Hiyo ni sulfati ya amonia, ambayo wakulima wanaijua kama mbolea ya SA. Hewani huwa chembe ndogo ndani ya kundi la PM2.5. Oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye injini na moto hufuata njia inayofanana na kutoa nitrati. Nitrati mara nyingi hunasa juu ya chembe za vumbi au chumvi, hivyo hupatikana katika chembe kubwa.

Ufipa ni nchi ya mahindi na mifugo, na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa nafaka nchini. Kwa sababu hiyo amonia haikosekani. Kinachoweza kudhibitiwa kwa urahisi zaidi ni salfa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni mwaka 2015.

Mabadiliko ya majira

Muundo wa chembechembe hubadilika mwaka mzima kama shamba linavyobadilika.

Kuanzia Novemba hadi Aprili vumbi hupungua na moto wa nyasi hukoma. Kinachobaki kwa wingi ni moshi wa majiko, kwa sababu watu hupika kila siku na kuni zilizoloa hutoa moshi zaidi. Chavua na mbegu za kuvu huongezeka pia.

Mei hadi Julai mahindi huvunwa, hukaushwa na kupukuchuliwa. Vumbi la maganda huchanganyika na moshi wa moto wa kuota, nao hubaki chini kwa sababu ya baridi.

Agosti hadi Oktoba upepo wa kusini-mashariki huinua udongo mkavu, moto wa nyasi huendelea, na matanuru ya matofali huwaka. Katika miezi hiyo vumbi na moshi huwa hewani kwa pamoja.

Jinsi ya kuchunguza

Kifaa cha msingi ni pampu inayovuta hewa kupitia kichujio kwa muda maalumu, mara nyingi saa 24. Mlango wa kifaa huzuia chembe zinazozidi ukubwa uliochaguliwa. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, na tofauti hugawanywa kwa ujazo wa hewa iliyopita. Jibu huwa mikrogramu kwa kila mita ya ujazo.

Baada ya hapo kichujio hupelekwa maabara. Mionzi ya eksirei hutumika kutambua elementi kama silikoni, chuma na risasi. Sehemu nyingine ya kichujio huloweshwa majini ili kupima ioni kama potasiamu, sulfati na nitrati. Sehemu ya tatu huchomwa hatua kwa hatua ili kutenganisha kaboni ya kikaboni na masizi.

Shule isiyo na vifaa hivyo inaweza kuanza na mambo mepesi. Kipande cha kioo kilichopakwa mafuta ya mgando kikiachwa dirishani kwa siku moja, kisha kikatazamwa kwa hadubini, huonyesha punje angavu za kwazi, vipande vyeusi vya masizi na chavua za mviringo. Sumaku iliyofungwa kwenye karatasi na kupitishwa juu ya vumbi la barabarani hunasa punje nyeusi zenye chuma. Majivu yaliyokorogwa kwenye maji hugeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu, ishara ya alkali ambayo hutokana hasa na potasiamu.

Vipimo vya Morogoro na Nairobi

Vipimo vya sehemu nyingine za Afrika Mashariki vinasaidia kuielewa hewa ya Ufipa.

Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani, walikusanya chembechembe katika eneo la mashambani la Morogoro. Wastani wa PM2.5 ulikuwa takriban mikrogramu 28 kwa mita ya ujazo wakati wa mvua na 39 wakati wa kiangazi. Kwa PM10 ulikuwa takriban 47 na 61. Karibu asilimia 90 ya kaboni yote ilikuwa kaboni ya kikaboni, na masizi yalikuwa machache. Katika chembe ndogo ioni zilizoongoza zilikuwa potasiamu na sulfati. Katika chembe kubwa zilikuwa sodiamu na nitrati. Levoglukosani ilikwenda sambamba na potasiamu. Hitimisho lilikuwa kwamba uchomaji wa mimea na kuni ndio unaoathiri zaidi ubora wa hewa mahali hapo.

Nairobi inaonyesha sura nyingine. Vipimo vya PM2.5 vilivyofanywa huko kati ya 2008 na 2010 vilionyesha kwamba magari na vumbi la madini kwa pamoja vilichangia takriban asilimia 74 ya uzito wa chembe hizo.

Miji hii miwili inafundisha jambo moja. Hewa ya mashambani Tanzania inaweza kuwa na chembe ndogo nyingi bila kiwanda kimoja kuonekana. Wazo kwamba uchafuzi wa hewa ni tatizo la miji mikubwa na viwanda pekee haliungwi mkono na vichujio vya Morogoro. Sumbawanga, mji wenye viwanda vichache uliozungukwa na mashamba, uko karibu zaidi na hali ya Morogoro, huku magari na vumbi vikiusogeza upande wa Nairobi kadiri unavyokua.

Madhara kwa afya

Pua na koo hunasa chembe nyingi kubwa. Chembe za PM2.5 hupita na kufika kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na zilizo ndogo kabisa zinaweza kuingia kwenye damu.

Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka uchafuzi wa hewa ya nje, pamoja na chembechembe zake, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa PM2.5 hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka na 15 kwa saa 24. Wastani wa Morogoro ulikuwa juu ya viwango hivyo hata wakati wa mvua.

Shirika hilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kuishi ndani ya moshi huo huongeza hatari ya nimonia karibu maradufu. Anayeathirika zaidi ni mama anayepika, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Kemia huchangia pia. Kampaundi za moshi zenye pete nyingi za kaboni, kama benzopireni, husababisha saratani. Silika inayovutwa kwa miaka mingi kazini, kama kwenye kuponda mawe, huleta ugonjwa wa silikosisi. Chuma na shaba zinazoyeyuka ndani ya mapafu huanzisha mabadiliko yanayoumiza seli.

Mfano wa risasi

Historia ya risasi inaonyesha kwamba muundo wa hewa unaweza kubadilishwa kwa uamuzi. Zamani petroli iliongezwa kampaundi ya risasi ili injini isigonge, na chembe za kloridi na bromidi ya risasi zilitoka kwenye kila bomba la gari. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa sokoni katika nchi hizo. Magari yaliongezeka baada ya hapo, lakini risasi ya petroli haikuongezeka pamoja nayo.

Njia za kupunguza

Kila sehemu ya muundo ina dawa yake. Vumbi la udongo hupunguzwa na lami, kumwagilia barabara wakati wa ujenzi, na kuotesha nyasi viwanjani. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilipunguza vumbi kwa waliokaa kando yake.

Moshi wa kuni hupunguzwa kwa kukausha kuni vizuri kabla ya kuzitumia, kutumia jiko sanifu lenye dohani, kupanua madirisha ya jiko na, panapowezekana, kuhamia gesi au umeme. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Katika wilaya zenye baridi kama za Ufipa, moto wa jikoni hupika chakula na pia hupasha nyumba joto. Gesi huchukua nafasi ya kazi ya kwanza tu, hivyo familia inaweza kununua jiko la gesi na bado ikakoka kuni jioni.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 ndizo zilizoweka msingi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lililopewa jukumu la kusimamia utekelezaji.

Kuhusu moto wa mashamba, Ufipa yenyewe ina elimu ya zamani. Katika kilimo cha matuta ya mviringo kinachojulikana kama intumba, mkulima hukusanya nyasi na kuzifukia chini ya udongo badala ya kuzichoma. Nyasi huoza ndani ya tuta, kisha tuta hutawanywa na kupandwa. Kilimo hicho ni tofauti na kile cha citemene cha majirani wa kaskazini mwa Zambia, ambako matawi hukatwa, hurundikwa na kuchomwa ili kupata majivu.

Kwa lugha ya kemia tofauti ni hii: nyasi zikichomwa, sehemu kubwa ya nitrojeni na salfa yake huondoka kama gesi, na sehemu ya potasiamu hupanda na moshi. Zikifukiwa, sehemu kubwa ya vitu hivyo hubaki ardhini. Nitrati, sulfati na potasiamu zinazokutwa kwenye kichujio cha hewa wakati wa moto wa nyasi ni rutuba iliyotoka shambani, ambayo mkulima huirudisha msimu unaofuata kwa kununua mbolea ya mfuko.